Kukwama Surat Thani usiku mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Surat Thani ni makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo kusini mwa Thailand, kama kilomita 650 kwa reli kutoka Bangkok. Wageni wengi hawaji kulala hapa. Wanapita kwenda visiwa vya Ko Samui, Ko Phangan na Ko Tao, au wanabadilisha gari kwenda Khao Sok, Krabi na Phuket. Treni ikichelewa kwa muda wa saa tatu, au bahari ikichafuka, feri ya mwisho inaondoka bila wao. Anayekwama hana hoteli, hajui mji umekaaje, na mara nyingi kosa lake kubwa hulifanya katika nusu saa ya kwanza. Majibu haya yanafuata mwendo wa usiku wenyewe, tangu kushuka hadi kuondoka. Bei ni za kukadiria, kwa baht, sarafu ya Thailand.

Nimeshuka kwenye stesheni iliyoandikwa Surat Thani, lakini sioni mji. Niko wapi?

Uko Phunphin, mji mdogo ulio kama kilomita 13 magharibi mwa mji wenyewe. Reli haiingii mjini. Hapa ndipo mkanganyiko wote unapoanza, kwa sababu jina "Surat Thani" kwenye tiketi linaweza kuwa na maana ya sehemu nne zilizo mbalimbali: stesheni ya Phunphin; mji wenyewe, kando ya mto Tapi, ambao wenyeji bado wanauita Ban Don; gati za Donsak, kama kilomita 70 mashariki mwa mji, zinakoondokea feri za magari; na kiwanja cha ndege, kama kilomita 30 upande wa magharibi.

Kabla ya kutafuta kitanda, jibu swali moja: kesho naondokea wapi? Lala karibu na hapo. Mtu mwenye treni ya saa 9 usiku akilala mjini atalipa teksi mara mbili na hatalala. Na mtu wa feri ya asubuhi akilala Phunphin atakosa chakula kizuri usiku bila kupata faida yoyote.

Nina uhakika gani kwamba feri ya mwisho imeshaondoka?

Hesabu kurudi nyuma. Feri za magari za Raja na Seatran zinavuka kutoka Donsak kwenda Ko Samui karibu kila saa, tangu alfajiri hadi kama saa 12 au saa 1 jioni. Kuvuka ni saa moja na nusu. Za Ko Phangan ni chache zaidi na zinachukua kama saa mbili na nusu. Boti za mwendo kasi zinamaliza kazi mapema, alasiri. Kutoka Phunphin hadi Donsak kwa basi weka saa moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo ukishuka kwenye treni saa 9 alasiri bado una nafasi. Ikifika saa 11 jioni bado uko Phunphin, panga kulala.

Wapo wanaokimbilia teksi. Kabla ya kukubali, mwombe mtu wa dirisha la tiketi apige simu gatini aulize mambo mawili: feri ya mwisho ipo leo, na nafasi ipo? Teksi ya kwenda Donsak itakugharimu zaidi ya baht 1,000, na ukiikosa feri utakuwa umekwama mahali penye vyumba vichache na giza. Mtajie dereva pia jina la kampuni ya feri, siyo neno "Donsak" peke yake, maana gati za Raja na Seatran hazipo mahali pamoja.

Mtu hapa stesheni ananiambia mabasi yameisha na feri zimejaa. Nimwamini?

Usimwamini, wala usimgombeze. Wapigadebe wa Phunphin wanafanya kazi ileile ya wapigadebe wa kokote: wanauza kwa kukutia haraka. Maneno yao ni kwamba basi la serikali limekwisha, au tiketi yako haitumiki, au kuna gari la mwisho linaloondoka "sasa hivi". Gari hilo huwapeleka watu kwenye ofisi ya wakala iliyo mbali na kituo, na hapo bei inapanda kwa kuwa huna pa kwenda.

Dawa yake ni kurudi ndani ya stesheni na kuuliza kwenye dirisha la reli, au kuvuka barabara hadi ofisi yenye jina la kampuni ya basi au feri mlangoni. Kama una tiketi ya pamoja ya treni, basi na feri, nenda ofisi ya kampuni iliyoandikwa kwenye tiketi. Treni ikiwa ndiyo iliyochelewa, mara nyingi wanakuhamishia kesho palipo na nafasi. Waombe waandike tarehe mpya na kupiga muhuri juu ya tiketi hiyohiyo, kwa sababu ahadi ya mdomo haitambuliwi na mfanyakazi wa zamu ya asubuhi. Na vile vibandiko vya rangi wanavyobandika kifuani usivivue hata kama unaoga. Kondakta wa kesho anaangalia hivyo.

Basi nilale wapi?

Phunphin kunafaa kwa mwenye treni ya usiku wa manane au alfajiri. Karibu na stesheni kuna gesti na hoteli ndogo za kutembea kwa miguu. Vyumba ni vya kawaida, sauti ya treni utaisikia, na saa 3 usiku ikishapita vibanda vya chakula vinaanza kufunga. Faida yake ni kwamba treni ikichelewa unasubiri kitandani. Treni yoyote ya reli ya taifa unaweza kuifuatilia kwa namba yake kwenye tovuti ya reli, au kwa kupiga 1690.

Mjini ndiko tunakowapeleka wengi. Lala karibu na barabara ya Na Mueang au Talat Mai, sehemu ambayo kwa miguu unafika sokoni, mtoni, kwenye gati la boti za usiku na kwenye vituo vya Talat Kaset. Talat Kaset ni viwili, vimepakana na masoko: cha 1 ni cha mabasi ya karibu, likiwemo la Phunphin, na cha 2 kina vigari vya abiria vya kwenda Khao Sok, Krabi na Phuket. Kituo kikubwa cha mabasi ya Bangkok kiko nje ya mji, upande wa kuelekea Phunphin, na dereva akisikia "kituo cha basi" anaweza kukupeleka huko. Taja jina kamili.

Donsak kuna nyumba chache za wageni. Inafaa tu kama una gari lako au mtu wa kukupokea, na unataka feri ya kwanza kabisa.

Hoteli nzuri iliyo karibu na jengo la maduka la Central, pembeni mwa mji, inavutia kwenye picha. Kwa mtu wa usiku mmoja asiye na gari inamrudisha nyuma: kila kitu ni kupanda gari.

Chumba ni bei gani, na wataniuliza nini mapokezi?

Chumba cha feni ni kama baht 300 hadi 500, cha kiyoyozi baht 500 hadi 900, na hoteli ya ghorofa yenye kifungua kinywa inaanzia kama baht 1,000. Feni ni *phat lom*, kiyoyozi ni *ae*. Omba kuona chumba kabla ya kulipa, haikatazwi. Fungua bomba la maji moto, washa kiyoyozi usikie kelele yake, na angalia kama dirisha linatazama ukuta.

Pasipoti itadaiwa, na si uonevu. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1979 inamtaka mwenye nyumba aripoti mgeni kutoka nje ya nchi ndani ya saa 24. Wanapiga picha ukurasa wa sura na wa viza, kisha wanakurudishia. Usikubali ibaki mapokezi kama rehani. Dhamana ya ufunguo ya baht 100 hadi 500 ni ya kawaida na unarudishiwa asubuhi. Kama unaondoka alfajiri, uliza usiku huohuo nani atakuwepo kukurudishia.

Madereva wengine huwapeleka watu kwenye moteli zenye pazia mbele ya kila maegesho. Hizo hukodishwa kwa saa. Ni salama kulala, lakini sema wazi *khang khuen*, yaani kulala hadi asubuhi, usije ukagongewa mlango baada ya muda wa saa tatu.

Treni yangu inafika saa 9 usiku. Niweke tarehe gani ninapokata chumba mtandaoni?

Tarehe ya usiku uliotangulia. Ukifika saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 12, chumba unachohitaji ni cha tarehe 11. Ukiandika 12, utaambiwa usubiri hadi saa 8 mchana, na mwenye gesti hana kosa. Kosa hili tunaliona mara nyingi kuliko jingine lolote. Baada ya kulipa, piga simu au tuma ujumbe kwamba utafika usiku wa manane, kwa sababu gesti ndogo zinafunga mapokezi kama saa 4 usiku na chumba kinaweza kuuzwa kwa mwingine.

Muuza tiketi amesema boti ni "ha thum". Ni saa ngapi?

Saa 5 usiku. Hapa Mswahili ana bahati ambayo wageni wengine hawana. Wathai katika mazungumzo wanahesabu usiku kuanzia saa 12 jioni, kama sisi. *Nueng thum* ni saa 1 usiku, *song thum* saa 2, *sam thum* saa 3, *si thum* saa 4 na *ha thum* saa 5. Namba zinalingana sawasawa na zetu, wakati Mzungu pembeni yako anahangaika kujumlisha.

Bahati hiyo inaishia usiku wa manane. Baada ya hapo wanaanza kuhesabu upya kwa neno *ti*: *ti nueng* ni saa 7 usiku, *ti sam* ni saa 9 usiku, *ti ha* ni saa 11 alfajiri. Alasiri nayo ina hesabu yake, *bai sam* ni saa 9 alasiri. Hivyo ukisikia *sam*, tatu, usikimbilie kusema saa tatu. Sikiliza neno linaloandamana nayo. Tiketi zenyewe zinaandikwa kwa saa 24, kwa mfano 23.00, na mwaka unaweza kuwa wa Kibuddha: 2569 ni 2026, toa 543.

Tarehe pia ina mtego wake. Treni inayopita Phunphin saa 6 na dakika 40 usiku tarehe 12 inakutaka uwe stesheni usiku wa tarehe 11. Angalia tarehe ya wewe kupanda, siyo ya treni kuanza safari.

Nitafikaje mjini kutoka Phunphin usiku?

Mchana na jioni kuna basi la kawaida kati ya stesheni na Talat Kaset 1, kwa nauli ya chini ya baht 50. Giza likiingia linapungua kisha linakoma. Baada ya hapo ni teksi, songthaew, au programu za simu. Songthaew ni pikapu yenye benchi mbili nyuma, daladala ya hapa. Grab na Bolt zinafanya kazi Surat Thani, na akaunti ya Bolt uliyoifungua Nairobi au Dar es Salaam unaweza kuitumia, ila chagua kulipa taslimu kwanza, maana kadi za nyumbani mara nyingine zinakataliwa. Usiku wa manane magari ni machache. Wekea subira ya dakika 20, au patana na teksi ya stesheni kabla ya kupanda: bei ya gari zima, siyo ya kichwa.

Dereva asiyesoma herufi zetu mwonyeshe hizi: บ้านดอน ni Ban Don, พุนพิน ni Phunphin, ดอนสัก ni Donsak.

Nimesikia kuna boti ya usiku. Kwa nini nisilale humo badala ya hotelini?

Kwa mtu mzima mwenye afya, bahari ikiwa shwari, ni chaguo zuri, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda mjini badala ya kubaki Phunphin. Boti zinaondoka gati la Ban Don, katikati ya mji, kama saa 5 usiku. Kila kisiwa kina boti yake, kwa hiyo uliza jina la kisiwa mara mbili. Ya Ko Samui inafika Nathon kabla ya mapambazuko, ya Ko Phangan inafika Thong Sala alfajiri, na ya Ko Tao inachelewa zaidi, asubuhi. Nauli ni baht mia chache, umeokoa na pesa ya chumba.

Hizi ni boti za mizigo kwanza. Chini wanapakia mboga, barafu, pikipiki na saruji. Juu kuna magodoro membamba sakafuni, yamepangana bega kwa bega, kila moja na namba. Nenda kukata tiketi mapema, saa 11 jioni au saa 12, uchague godoro la pembeni lililo mbali na injini na choo. Chukua shuka au kikoi, kwa kuwa upepo wa alfajiri ni wa baridi. Begi lenye pasipoti weka chini ya kichwa. Kabla ya kulala tafuta makoti ya kuokolea yalipo, na ukiona boti imejaa kupita magodoro yake, shuka. Watawa wakiwemo, mwanamke asijilaze kando yao, kwa sababu wao wamekatazwa kumgusa mwanamke.

Usipande na mtoto mdogo kwenye hali mbaya ya hewa. Na kama unatapika baharini, meza dawa mapema, angalau nusu saa kabla. Famasi mwambie *ya kae mao ruea*, dawa ya kulevywa na boti. Famasi nyingi zinafunga kama saa 3 usiku.

Feri zote zimefutwa kwa sababu ya bahari. Itachukua siku ngapi?

Upande huu ni Ghuba ya Thailand, na majira yake ni kinyume cha Phuket. Mvua kubwa na mawimbi huja Oktoba hadi Desemba, Novemba ikiwa mbaya zaidi. Zinazosimama kwanza ni boti za usiku na za mwendo kasi, halafu feri kubwa za magari, ambazo pia ndizo zinazoanza kurudi. Kwa hiyo kama boti yako ya kasi ya Ko Samui imefutwa, uliza feri ya magari ya Donsak kabla ya kukata tamaa. Ko Tao ndiyo inayosubiri muda mrefu kuliko vyote, kwa kuwa iko mbali zaidi.

Lipia chumba usiku mmoja mmoja. Kila asubuhi kabla ya saa 1 uliza ofisi ya feri, kisha amua.

Kila hoteli inasema "tem". Maana yake nini?

เต็ม, imejaa. Hutokea siku chache kabla na baada ya mwezi mpevu, kwa sababu ya sherehe ya ufuo wa Hat Rin kule Ko Phangan; wakati wa Songkran, mwaka mpya wa Kithai, 13 hadi 15 Aprili; mwaka mpya wa Januari; na mwezi wa Oktoba, Surat Thani inapoadhimisha Chak Phra, sikukuu ya kukokota sanamu za Buddha barabarani na mtoni baada ya kwisha kwa miezi mitatu ya watawa kutulia. Hiyo ya mwisho inajaza mji wenyewe, na wageni wengi hawaijui.

Vyumba vya mtandaoni vikiisha, bado zipo hoteli za zamani za Wachina karibu na soko ambazo hazimo kwenye programu yoyote. Ingia uulize *mi hong mai*, chumba kipo? Vikikosekana kabisa, nenda Phunphin, kisha ukumbi wa stesheni. Stesheni unaweza kukaa usiku ukiwa na tiketi. Kiwanja cha ndege usikitegemee, si cha kulala. Bendera inapopandishwa saa 2 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni, wimbo wa taifa unapigwa stesheni na kila mtu anasimama. Simama nao.

Nile nini usiku huu? Mimi Mwislamu.

Soko la usiku la San Chao, kwenye barabara ya Ton Pho, linafunguka jioni na ni chakula kitupu. Sahani ni baht 40 hadi 80. Wahi kabla ya saa 3 usiku, vizuri vinaisha mapema.

Wenyeji wa mji huu wengi ni Wabuddha, lakini Waislamu wapo na wanapika. Tafuta neno ฮาลาล au mwezi na nyota kwenye kibanda, na mama aliyevaa hijabu. Chakula cha kwanza kuulizia ni *khao mok kai*: wali wa manjano wenye viungo uliopikwa na kuku, ndugu wa damu wa biriani yetu, pamoja na mchuzi mchachu wa kijani. Pembeni utapata *roti*, ambayo ni chapati yenye maji kidogo na samli nyingi. Kwingineko usitosheke na kusema *mai kin mu*, sili nguruwe, kwa sababu supu inaweza kuwa ya mifupa yake na kikaango ni kilekile. Kwenye maduka ya 7-Eleven, ambayo hayafungi, soma alama ya halali kwenye kila pakiti. Zipo nyingi zenye alama hiyo na wanakupashia palepale.

Kuhusu kibla: usielekee kaskazini kama ulivyozoea pwani ya Afrika Mashariki. Hapa ni magharibi, ukigeuka kama nyuzi 20 kuelekea kaskazini.

Vya mkoa huu hasa ni chaza wakubwa wa ghuba ya Ban Don na mayai ya bata ya chumvi kutoka Chaiya. Chaza huliwa wabichi, na pilipili, vitunguu vya kukaanga na machipukizi ya mlusina, mti uleule tunaolishia mbuzi. Ni watamu sana, ila mwenye feri ya saa 12 asubuhi aagize waliopikwa. Msimu ukiwepo, kuanzia kama Julai, kuna shokishoki za Na San, wilaya ya mkoa huu. Doriani nalo lipo, lakini hotelini wamelikataza, hivyo kula kabla ya kuingia.

Pesa nitapata wapi usiku?

Mashine za ATM zipo kila kona na zinatoza baht 220 au zaidi kwa kila kadi ya nje, haijalishi umetoa kiasi gani. Toa mara moja, kiasi cha kutosha. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nyumbani, kataa, chagua baht, kwani kiwango chao ni kibaya. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu inalipia hoteli mtandaoni lakini haitoi noti ATM. Shilingi ya Kenya, Tanzania au Uganda hakuna atakayeibadilisha mjini hapa. Dola safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, zinapokelewa benki. Benki za mitaani zinafunga saa 9 na nusu alasiri, za ndani ya Central zinaendelea hadi jioni.

Weka baht 1,500 za noti ndogo kwa ajili ya usiku huo. Boti, teksi na gesti ndogo hazitaki kadi, na msimbo wa QR unaouona kila kibanda unahitaji akaunti ya benki inayokubalika humo.

Chaja yangu haiingii ukutani.

Umeme ni wa volti 220, hautaunguza kitu. Tatizo ni miguu: plagi ya Kenya, Uganda na Tanzania yenye miguu mitatu ya bapa haiingii. Soketi za hapa zinapokea miguu miwili ya duara au ya bapa. Adapta utaipata 7-Eleven kubwa au sokoni. Ukiikosa, nunua kichwa cha chaja cha USB na utumie waya wako. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti.

Ni salama kutembea usiku? Na polisi wakinisimamisha?

Kati ya mto, San Chao na Na Mueang kuna watu hadi kama saa 4 usiku, na wanawake wanatembea peke yao. Hatari za kweli ni pikipiki zinazokuja upande usioutarajia, mashimo ya njia za miguu, na mbwa wa vichochoro baada ya saa 5. Mbwa akikung'ata au kukuparua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali usiku huohuo, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kipo. Gari la wagonjwa ni 1669, polisi wa watalii ni 1155 na wanazungumza Kiingereza.

Polisi wanaweza kukuomba pasipoti. Ionyeshe kwa utulivu, pamoja na viza. Ukimwita mtu mzima kuliko wewe *phi*, kaka au dada, na mwenye umri wa wazazi wako *lung* au *pa*, mjomba au shangazi, mazungumzo yanabadilika mara moja. Wathai wanaitana kwa undugu kama tunavyoitana sisi.

Sigara za umeme zimepigwa marufuku nchini. Usiitoe mfukoni.

Nina nafasi ya muda wa saa tatu jioni na sitaki kulala mapema. Kuna nini?

Tembea kando ya mto Tapi hadi daraja la Ko Lamphu, kisiwa kidogo cha bustani ambako watu wa mji wanakimbia na kucheza mazoezi jua likizama. Ukipata mwenye mtumbwi wa injini, anakuvusha kwenye mifereji ya ng'ambo kutazama vimulimuli kwenye miti ya mikoko. Patana bei ya mtumbwi mzima. Mji ulipewa jina lake mwaka 1915 na Mfalme Vajiravudh, likiwa na maana ya mji wa watu wema, na mto ukaitwa Tapi kufuata mto Tapti unaopita Surat ya India, mji ambao mashua zake mababu wa pwani yetu waliwahi kuzijua.

Ukikwama siku nzima, nenda Chaiya kaskazini kuona Wat Phra Borommathat, hekalu la enzi za Srivijaya, dola ya kale ya eneo hili.

Asubuhi niondokeje bila kukosea tena?

Tiketi ikatwe usiku, siyo asubuhi. Nunua ya pamoja, basi na feri, na uulize basi linakuchukua wapi: ofisini kwao au mlangoni kwako. Wakisema mlangoni, uwe nje dakika 15 kabla, maana dereva hapandi ghorofani kukugongea. Begi kubwa likienda chini ya basi, pasipoti, pesa, simu na dawa vibaki mapajani. Kwenye mabasi ya usiku ya watalii yanayotoka Bangkok, wizi unafanyika hukohuko chini watu wakiwa wamelala.

Viza yangu inaisha kesho na nimekwama. Nifanyeje?

Kukaa kupita muda kunatozwa baht 500 kwa siku, kikomo baht 20,000, na hulipwa mpakani au kiwanjani unapoondoka. Siku moja inalipika. Lakini ukisimamishwa na polisi kabla ya kufika kiwanjani unaweza kuwekwa ndani, kwa hiyo usitembee ovyo siku hiyo. Kama bado una siku mkononi, ofisi ya uhamiaji ipo Surat Thani na nyingine Ko Samui. Kuongezewa muda ni baht 1,900, nakala za pasipoti na picha, siku za kazi tu. Ukikwama Ijumaa jioni, usingoje Jumatatu: panda treni ya usiku urudi Bangkok, na ubaki na karatasi ya feri iliyofutwa.